Sarafu ya Katekista Paskali

Vijana wangu, nyinyi mnaokuja hapa barazani kuniuliza ufundi wa saa kisha mnacheka pembeni kwa sababu saa zenu zimo ndani ya simu, leo sitawafundisha saa. Nitawaeleza habari ya sarafu moja iliyonitoa jasho kuliko saa zote nilizofungua kwa miaka thelathini na ushei. Mikono yangu haijawahi kuniponza, nashukuru Mungu. Kila baya lililonipata kazini lilitokea mdomoni.

Meza yangu ilikuwa Ngara mjini, pembeni mwa soko, chini ya kipande cha turubai la bluu. Miaka ile ya wakimbizi kila kitu kilikuwa chini ya turubai la bluu. Watu walikuwa wamefurika kutoka ng'ambo ya mto, Burundi na Rwanda, magari meupe ya misaada yanapita vumbi tupu, na sokoni ungesikia Kihangaza, Kirundi, Kinyarwanda, Kisukuma na Kiswahili cha kila rangi kwenye mstari mmoja wa wauza ndizi. Kazi ilikuwa tele. Saa zilivuka mto mikononi mwa wenyewe zikaingia maji, zikaletwa kwangu. Nilikuwa nazifungua, naziosha kwa petroli, nazikausha juu ya jiwe lililopata jua. Siyo kwenye jua lenyewe, sikilizeni vizuri, juu ya jiwe. Jua likipiga saa moja kwa moja, mafuta yanakauka na unamrudishia mtu bangili.

Nilikuwa hodari, sitawaficha. Na mtu hodari akizungukwa na watazamaji hugeuka mjinga haraka sana.

Siku moja ya gulio akaja mwanamke wa kijiji cha Keza anaitwa Adela, kama miaka thelathini hivi, kashika kopo la maziwa ya unga. Alikuwa binti wa mwisho wa Mzee Paskali, katekista aliyekuwa amefariki miezi michache kabla wakimbizi hawajaanza kumiminika. Mzee Paskali nilimjua kwa sura tu, mtu mwembamba mwenye baiskeli ya mlio mbaya. Alikuwa na tabia ya kukusanya sarafu za zamani. Watu wakizifukua shambani walikuwa wakimpelekea, naye akizitumia kufundishia watoto mafundisho ya komunyo. Anainua moja, anauliza, "Huyu Kaisari yuko wapi leo?" Watoto wanajibu, "Ameondoka!" Anainua nyingine, "Na huyu?" "Ameondoka!" Kopo lote lilikuwa la makaisari walioondoka.

"Fundi," Adela akasema, "baba kaniachia hizi. Nataka nijue kila moja ni ya nani, niandike kwenye daftari wanangu wasome."

Nikatandika kitambaa, akazimimina. Eeh, nilifurahi! Hii hapa hela ya Mjerumani, ile pale senti kumi ya tundu, watu walikuwa wakizipanga kwenye uzi. Hii faranga ya Mbelgiji. Hii rupia, iangalieni tai yake. Watu wakaanza kujaa mezani, wauza nyanya wakaacha nyanya. Kila nikitaja, wanaguna kwa sifa. Nikajiona profesa.

Ndipo nikashika ile moja.

Ukubwa wake ulikuwa wa sumni, ile nusu shilingi ya enzi za Mwingereza. Lakini nusu ya juu ilikuwa nyeupe na nusu ya chini ya njano. Kwenye sehemu nyeupe kulikuwa na kichwa na mgongo wa simba, na milima nyuma yake. Kwenye sehemu ya njano, miguu ya simba mwingine kabisa. Nyuma, kipande cha uso wa mfalme wa Kiingereza kimegandana na kipande cha maandishi ya Kifaransa. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Sikuwahi kuona kitu kama kile tangu nizaliwe.

Hapo, vijana, kuna neno moja fupi ambalo fundi anatakiwa kulitamka. Sijui. Silabi tatu tu. Lakini watu wote wale wananitazama! Nikakohoa, nikasema kwa sauti ya maringo, "Dada, hii siyo hela. Hii ni kazi ya mganga. Mzee alikuwa na simba wake wa kumlinda!"

Wakaangua kicheko. Muuza nyanya mmoja akasema, "Kumbe katekista anasali huku na huku!" Kicheko kikazidi. Adela hakucheka. Aliokota sarafu moja moja, akazirudisha kwenye kopo, akaondoka bila kuaga. Mimi nikavaa lenzi yangu jichoni nikaendelea na saa ya mtu, napiga mluzi.

Wiki mbili baadaye akarudi. Nikamwambia karibu kiti, akakataa kukaa.

"Fundi, unajua tunamjengea baba kaburi?"

Nilijua. Kwetu marehemu hamalizi safari yake mpaka kaburi lijengwe, msalaba wa saruji usimame, na misa isomwe. Na msalabani panaandikwa jina na kile alichokuwa.

"Mwenyekiti wa kigango cha kanisa amekataza lisiandikwe neno katekista," akasema. "Habari imefika toka sokoni. Eti baba alikuwa na hirizi ya simba. Anasema ataandikwa Paskali, basi. Miaka arobaini alifundisha watoto, alizika watu padri alipokuwa mbali. Wewe umemfuta kwa neno moja."

"Adela, mimi nilikuwa natania."

"Unatania nani? Mimi ni mtani wako? Baba yangu alikuwa mtani wako?"

Utani una wenyewe, na mimi na watu wa Keza hatuna utani wowote wa kurithi. Akaniwekea ile sarafu mezani. "Misa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Uliyesema wewe ndiye utakayesema tena." Akaenda zake, na mimi nikabaki na aibu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Kesho yake nikapanda kwenda Keza kwa mwenyekiti. Mzee mkavu, hana masihara. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, nilikosea. Ile sarafu siyo ya mganga."

"Ni ya nini?"

"Sijui."

"Juzi ulisema ni ya mganga, hujui. Leo unasema siyo ya mganga, hujui. Nikuamini siku gani?" Akanipa kikombe cha uji, maana ustaarabu anao, lakini akarudi kwenye kazi zake.

Basi nikafunga meza, nikashika njia ya Biharamulo kwa mwalimu wangu, Mzee Idrisa, aliyenifundisha kazi nilipokuwa kijana. Kusafiri siku hizo siyo kama leo. Njiani kulikuwa na majambazi, mpaka magari yapangwe mstari na polisi wawe mbele. Nilikaa juu ya magunia ya mahindi, sarafu nimeifunga kwenye leso ndani ya soksi, najiuliza nikivamiwa nitawaambia nini majambazi wakiniuliza ni ya nini.

Mzee Idrisa alikuwa amestaafu, amekaa mlangoni anachambua mchele. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Umekosea nini?" Akaniuliza hivyo hivyo kabla sijaketi! Nikamweleza yote. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, kisha akaacha kucheka ghafla. "Lete."

Sasa chukueni hii, ndiyo elimu yenyewe. Nilitaka kuisugua kwanza kwa jivu na ndimu ing'ae. Alinipiga kofi mkononi. "Uchafu wa sarafu ni maneno yake. Unataka kumfunga mdomo kabla hajasema?" Aliishika kwa ukingo, ncha za vidole viwili, bila kugusa uso. Akaiangalia kwa lenzi, lakini hakuangalia simba wala mfalme. Aliangalia ukingo, akiizungusha taratibu kama anayesoma.

"Mganga hutaka kitu kitishe watu," akasema. "Hufunga ngozi, hutia damu, mafuta, manyoya. Hapa kuna mafuta? Nusa. Hakuna. Hapa kuna kazi ya sonara. Lehemu ya fedha, imepigwa msasa mpaka ungio, pale vipande vilipokutana, halishiki ukucha. Pitisha ukucha."

Nikapitisha. Haukushika.

"Aliyefanya hii hakuwa na haraka wala hakuwa na hofu. Sasa tazama kuchakaa. Sarafu ya matumizi huchakaa ukingoni kwa kugongana na wenzake. Hii ukingo mzima, nyuso ndizo zimelainika. Imekaa peke yake kwenye kitambaa, ikishikwa na kidole gumba miaka na miaka." Akaweka dole gumba lake juu ya kichwa cha simba. "Hapa. Mtu alikuwa anaifikiria."

"Anafikiria nini, mwalimu?"

"Hesabu ya mtoto mdogo inakushinda? Nusu ya sumni iko hapa. Nusu ya faranga iko hapa. Nusu nyingine ziko wapi?"

Vijana, nilihisi kama mtu amenifungulia dirisha. Sonara hatupi hata unga wa msasa. Kama alikata sarafu mbili, basi alitengeneza sarafu mbili. Mahali fulani kulikuwa na nyingine, kichwa cha simba wa faranga juu ya miguu ya simba wa sumni. Na sumni ilikuwa hela ya upande wetu, faranga hela ya upande wa pili.

"Urafiki," nikasema.

"Usiseme tena usichokijua," akanikata. "Nenda kamtafute mwenye nyingine, aseme yeye."

Nilirudi Ngara zikiwa zimebaki siku sita. Upande wa pili haukuwa mbali tena, ulikuwa umehamia kambini mzima mzima. Nikachukua ubao wa kasha la sabuni, nikachora kwa mkaa sarafu kubwa sawa na sinia, juu nyeupe, chini nimepaka udongo wa njano, nikaandika kwa Kiswahili, na mtu akaniandikia kwa Kirundi: Nani anaijua hii? Nikahamisha meza yangu hadi gulio la kambini.

Hapo nikafanya kosa langu la pili, ingawa Mungu alinihurumia nusu yake. Watu wakavumisha kwamba kuna mzungu anayetoa zawadi kwa atakayeleta sarafu hiyo. Siku ya pili tu wakaanza kuja na sarafu! Mmoja kakata senti mbili kwa panga akazibandika kwa nta. Mwingine kaunganisha kwa gundi ya viatu, bado inanuka. Mwingine alileta sarafu nzima isiyo na kasoro akasema hii ndiyo, ila imepona. Nilicheka, nakiri. Shida inafundisha ufundi, na watu wale walikuwa na shida. Kwa hiyo jifunzeni: ukitafuta mwenye kitu, usitangaze kitu chote. Mimi nilikuwa nimebakiza alama moja nisiichore, siyo kwa akili, kwa kusahau. Ukingoni mwa sarafu, pande mbili zinazotazamana, kulikuwa na vidoa viwili vyekundu vidogo kuliko mbegu ya ulezi.

Siku ya nne alikuja mzee mmoja Mrundi, koti la kupewa limempita mabega, fimbo mkononi. Hakuwa na sarafu. Alisimama mbele ya ubao wangu muda mrefu, mpaka nikamwambia, "Mzee, unazuia wateja."

"Hukuchora shaba," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha vibarua wa Uganda.

"Shaba gani?"

"Humo ndani ya ungio umepita waya wa shaba. Lehemu ilikatika mara ya kwanza, sonara akatoboa, akapitisha waya kutoka ukingo hadi ukingo. Tulimlipa posho yetu ya unga ya wiki nzima. Paskali alilia njaa mpaka Jumapili."

Nikaifungua leso, nikampa. Hakuitazama, aliipapasa tu na kidole gumba, pale pale alipoonyesha Mzee Idrisa.

Jina lake Nzisabira. Walikutana vijana kwenye mashamba ya kahawa kule Buganda, enzi ambazo watu wa huku na wa kule walienda kibarua pamoja kwa miguu. Paskali alipougua homa, yeye alimbeba mgongoni hadi kwa daktari. Nilimuuliza sarafu yake iko wapi.

"Ilibaki mto Ruvubu," akasema. "Mwenye mtumbwi alitaka kitu ili amvushe mjukuu wangu. Sikuwa na kingine." Kisha akaniuliza, uso umechangamka, "Bado anakaa Keza? Nimeulizia kambini, hakuna anayemjua. Nilijua nikivuka tu, nina kwetu."

Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kiti changu. Alielewa kabla sijasema. Alikaa pale hadi gulio linavunjika, na sikumwambia tena kwamba anazuia wateja.

Kibali cha yeye kutoka kambini nilikipangia foleni tangu alfajiri ya Ijumaa, tukakipata cha siku moja. Jumamosi tukafika Keza, yeye juu ya pikipiki ya kukodi, mimi nimebanwa nyuma yake nashikilia fimbo. Watu wamejaa. Kaburi limejengwa, msalaba umesimama, saruji ya kibao chake bado mbichi. Pameshaandikwa PASKALI, na chini yake patupu. Padri alikuwa hajafika.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti mbele ya watu wote, maana mdomo uliokosea hadharani hauwezi kuungama chumbani. Nikasema, "Nilisema uongo juu ya marehemu kwa sababu niliona haya kusema sijui. Mwenye kujua ni huyu."

Mzee Nzisabira akaeleza. Alipotaja kwamba yeye na Paskali waliapiana undugu, minong'ono ikaanza, na mwenyekiti akainua mkono. Alikuwa ameshaona pa kutubana.

"Ndugu wa kiapo," akasema. "Kwa mila za huku na kwenu, kiapo hicho ni kunywana. Mnachanjana, mnanyweshana damu. Kanisa linakataza. Sasa tofauti na hirizi ni nini?"

Adela alifumba macho. Nilikuwa nimemtoa baba yake kwenye shimo la mganga nikamtupa kwenye shimo la pili, tena na shahidi juu!

Mzee Nzisabira akatikisa kichwa pole pole. "Hatukunywana. Mimi nilitaka. Wembe ulikuwa tayari, majani yalikuwa tayari. Nilikuwa mpagani wakati huo. Yeye akarudisha mkono wake. Akaniambia, damu iliyomwagika msalabani inatosha, mimi na wewe tusiongeze nyingine. Nilikasirika, nikasema basi hunipendi. Akafikiri usiku mzima. Asubuhi akatoa sumni yake, akaniomba faranga yangu, akasema tukate hizi." Akaiinua sarafu juu ili wote waione. "Hii ni kwa sababu alikataa damu. Na mimi nilibatizwa mwaka uliofuata. Katekista wangu wa kwanza alikuwa yeye, shambani, tukichuma kahawa."

Mwenyekiti alimtazama yule mzee, akatazama kibao, akavua kofia yake. Kisha akainama akaokota msumari uliokuwa umetumika kuandikia, akanigeukia mimi.

"Wewe uliyefuta," akasema, "andika."

Nikapiga magoti kwenye udongo. Vijana, mkono huu umeshika skrubu ambazo macho yenu hayazioni, umefunga springi nyembamba kama nywele kwenye saa ya bibi harusi kanisani kengele ikilia, haukuwahi kutetemeka. Siku ile ulitetemeka. Machozi yananitoka, saruji inaanza kukauka, na nyuma yangu nasikia Adela anamsalimia yule mgeni, "Shikamoo, baba," na yeye anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Niliandika herufi zote tisa. Ile A ya mwisho ilipinda, ikalala ubavu.

Nikamwambia Adela anipe mwiko nilainishe pale niiandike upya, saruji bado ilikuwa inakubali. Akaja, akaisoma kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sauti, akaniondolea msumari mkononi.

"Iache hivyo hivyo, fundi," akasema. "Kila ukipita, uione."